Hewa au ombwe: Kikata umeme kipi kinafaa vituo vya Kaskazini Mashariki?

UMEME unapoingia katika mji mdogo wa nyanda kame, macho ya wananchi huelekea kwenye nguzo, nyaya na taa za barabarani. Ni nadra mtu kuuliza kuhusu kabati la chuma lililo ndani ya kituo cha umeme. Hata hivyo, ndani ya kabati hilo ndimo mlimo chombo kinachoamua iwapo hitilafu ndogo itasababisha giza la dakika chache tu, au itazaa moto wa kuteketeza mitambo ya mamilioni ya pesa.

Chombo hicho ni kikata umeme, ambacho mafundi wengi hukiita sakiti breka. Katika mitambo ya umeme mkubwa, suala linalozuka mara kwa mara ni hili: je, kinunuliwe kikata umeme kinachotumia hewa au kile kinachotumia ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa karibu yote?

Kwa mji kama Hadado, ulio katika eneobunge la Wajir Magharibi, suala hilo si la wahandisi pekee. Kaunti ya Wajir iko mbali na karakana za Nairobi. Chombo kikiharibika leo, kipuri chaweza kuchukua siku nyingi kufika. Wakati wa kungoja, friji za chanjo hupata joto, pampu za maji husimama, na mifugo husongamana kwenye birika kavu. Ndiyo maana uamuzi unaofanywa kwenye karatasi za zabuni hatimaye humgusa mchungaji ambaye hajawahi kuingia katika kituo cha umeme.

KAZI YA KIKATA UMEME

Swichi ya kawaida ya ukutani huwasha na kuzima taa. Kikata umeme nacho hufanya hivyo, lakini kazi yake kubwa ni kukata mkondo wakati wa shoti, ambapo umeme unaopita huweza kuwa mara kumi au ishirini zaidi ya ule wa kawaida.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Ncha mbili za mguso zinapoachana huku mkondo mkubwa ukiendelea kupita, umeme haukatiki papo hapo. Huruka pengo hilo kwa njia ya mwali wenye joto la maelfu ya nyuzi. Mwali huo usipozimwa upesi, huyeyusha ncha, huchoma vihami na huweza kulipua kabati zima.

Umeme wa gridi ya Kenya hugeuza mwelekeo, ukikamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mkondo hushuka hadi sufuri mara 100 kila sekunde. Vikata umeme vyote vya aina hii huvizia nukta hiyo ya sufuri. Mwali unapokufa kwa muda mfupi mno, chombo hutakiwa kuhakikisha kwamba pengo baina ya ncha limekuwa kizuizi imara kabla ya msongo wa umeme kupanda tena. Kikichelewa, mwali huwaka upya.

Hivyo basi, tofauti kati ya hewa na ombwe ni tofauti ya namna ya kuzuia mwali usizaliwe mara ya pili.

KIKATA UMEME CHA HEWA

Katika kikata umeme cha hewa, ncha huachana katika hewa ya kawaida. Mwali husukumwa kuelekea juu na kuingia katika kisanduku chenye vibati vingi vya chuma vilivyopangwa kama sega. Humo hukatwakatwa kuwa miali midogo, hurefushwa na kupozwa hadi unaposhindwa kujihimili.

Mbinu hii ni ya zamani na imethibitika. Fundi anaweza kufungua kifuniko, akaona ncha zilivyolika, akasafisha masizi na kubadilisha sehemu iliyoharibika. Vikata umeme vya hewa vya siku hizi hubeba mkondo wa kuanzia ampia 630 hivi hadi 6,300, na hutumika zaidi kwenye msongo wa chini, yaani usiozidi volti 1,000. Kiwango cha kimataifa kinachovihusu ni IEC 60947-2.

Zamani hewa ilitumika pia kwenye msongo mkubwa zaidi. Kulikuwa na vikata umeme vya hewa na sumaku kwenye laini za kilovolti 11 na za karibu na hapo, na vingine vilivyopuliza hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu ili kuuzima mwali kwenye laini za mamia ya kilovolti. Vya kwanza vilikuwa vizito na vyenye kuchukua nafasi kubwa. Vya pili vilihitaji kompresa, matangi na mabomba, na vilitoa mshindo mkubwa kila vilipofanya kazi. Tangu miaka ya 1970 aina zote mbili zimekuwa zikiondoka sokoni taratibu.

KIKATA UMEME CHA OMBWE

Katika kikata umeme cha ombwe, ncha za mguso zimefungiwa ndani ya chupa ya kauri isiyopitisha hewa. Kanieneo ndani ya chupa hiyo ni pungufu hata ya sehemu moja kwa milioni ya ile ya hewa tunayoivuta.

Kwa kuwa hamna hewa, hakuna cha kuwaka isipokuwa mvuke wa madini unaotoka kwenye ncha zenyewe. Mkondo unapofika sufuri, mvuke huo huganda upesi mno kwenye kuta za ndani, na pengo hurudi kuwa kizuizi. Kwenye laini ya kilovolti 11, pengo la takriban milimita 10 tu hutosha.

Wazo hilo si geni. Mnamo 1926 Royal Sorensen wa Chuo cha Teknolojia cha California, Marekani, alionyesha kwamba swichi ya ombwe inaweza kukata umeme mkubwa. Hata hivyo, wakati huo hapakuwa na ujuzi wa kuziba chupa ili zidumu miaka mingi, wala wa kusafisha madini yasitoe gesi ndani. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960 ndipo vikata umeme vya ombwe vya kibiashara vilipoanza kuenea. Leo ncha zake hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na kromi.

Faida yake ni uimara. Kikata umeme cha ombwe cha kilovolti 11 chaweza kufunguka na kufungika mara 10,000 au zaidi, na kukata shoti kamili mara nyingi, bila chupa kuguswa. Kinachohitaji kuangaliwa ni mitambo ya springi, grisi na nyaya za udhibiti. Kiwango kinachokihusu ni IEC 62271-100.

MSONGO NDIO HUAMUA KWANZA

Mjadala wa hewa na ombwe mara nyingi huendeshwa kana kwamba vyombo hivi viwili vinashindana kila mahali. Sivyo. Kila kimoja kina uwanja wake, na mpaka ni msongo wa umeme.

Chukua mfano wa kituo kidogo chenye jenereta za dizeli zinazozalisha umeme wa volti 415, na transfoma ya kilovolti-ampia 1,000 inayoupandisha hadi kilovolti 11 ili usafiri mbali. Upande wa volti 415, transfoma hiyo ikibeba mzigo wote, mkondo hufikia karibu ampia 1,390. Upande wa kilovolti 11, nguvu zile zile hupita kwa ampia 52 na nukta tu.

Upande wa kwanza una mkondo mwingi na msongo mdogo. Hapo kikata umeme cha hewa ndicho kinachofaa: ni cha bei nafuu kuliko cha ombwe chenye uwezo huo, hubeba ampia nyingi bila taabu, na huja na kifaa chake cha ulinzi kilichojengwa ndani. Upande wa pili una mkondo mdogo na msongo mkubwa. Hapo ombwe ndilo linalofaa, kwa kuwa kizuizi cha hewa kingehitaji pengo pana na kabati kubwa.

Kwa hiyo kituo kimoja kilichopangwa vyema huwa na aina zote mbili, kila moja mahali pake. Mnunuzi anayeagiza kikata umeme cha hewa kwa laini ya kilovolti 11 au 33 leo atapata shida hata ya kupata vipuri. Vilevile anayeagiza cha ombwe kwa kila swichi ya volti 415 anaongeza gharama bila sababu.

Ni muhimu pia kutochanganya mambo mawili. Kabati linaloelezwa kuwa "linahamiwa kwa hewa" halimaanishi kwamba kikata umeme kilicho ndani ni cha hewa. Mara nyingi hewa huzunguka nyaya na vyuma, ilhali mwali huzimwa ndani ya chupa ya ombwe. Anayesoma zabuni kwa haraka huweza kulinganisha bei za vitu viwili tofauti akidhani ni kimoja.

JOTO, VUMBI NA BARABARA

Viwango vya kimataifa huchukulia kwamba joto la mahali pa kazi halizidi nyuzi 40 za Selsiasi, na kwamba wastani wa saa 24 hauzidi 35. Mjini Wajir, joto la mchana hupita nyuzi 35 katika miezi ya Februari na Machi. Ndani ya chumba cha mabati kisicho na matundu ya hewa, na kando ya jenereta inayonguruma, kipimo hicho huweza kupita 40 kwa urahisi.

Joto halibagui kati ya hewa na ombwe. Shaba inayobeba mkondo hupata moto katika vyombo vyote viwili, na chombo kilichoandikwa ampia 1,600 huenda kisiweze kubeba kiasi hicho saa nane za mchana. Mhandisi mwangalifu hununua chenye nafasi ya ziada, au hujenga chumba chenye kuta nene, paa la juu na mkondo wa upepo.

Kwenye vumbi, hata hivyo, tofauti ni kubwa. Hewa inayouzima mwali ndiyo hiyo hiyo inayobeba mchanga mwembamba. Vumbi likijaa katika kisanduku cha vibati na kwenye viungo vyenye grisi, kikata umeme cha hewa huchelewa kufunguka. Chupa ya ombwe haiingizi vumbi hata chembe. Ila mwili wake wa nje na vihami vinavyoishikilia huhitaji kupanguswa, kwa kuwa vumbi likilowa umande huweza kuwa njia ya umeme.

Mwinuko nao huhesabiwa. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi na uwezo wake wa kuzuia umeme hupungua, hivyo vyombo vya msongo mkubwa hupaswa kukokotolewa upya vikitumika juu ya mita 1,000. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, huingia katika hesabu hiyo. Mji wa Wajir, ulio chini ya mita 300, hauingii. Vipimo vya zabuni vinavyonakiliwa kutoka nyanda za juu bila kutafakari huweza kumgharimu mlipa kodi bure kwa tatizo lisilokuwepo, huku vikisahau joto ambalo lipo.

Kisha kuna barabara. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalikata usafiri kati ya Nairobi na Garissa na kutenga maeneo mengi ya Wajir na Mandera. Katika hali kama hiyo, chombo kisichohitaji kufunguliwa kwa miaka ni neema. Lakini sarafu ina upande wa pili: chupa ya ombwe ikipoteza ombwe lake haitengenezeki, hubadilishwa yote. Kikata umeme cha hewa chaweza kutengenezwa na fundi mwenye ujuzi palepale. Kwa hiyo, kituo cha mbali kinachotegemea ombwe hakina budi kuweka akiba ya angalau chupa moja ya kila aina iliyopo.

JUA LA GARISSA NA UMEME USIOGEUKA

Kaskazini Mashariki limekuwa pia eneo la umeme wa jua. Mnamo Desemba 2019 kilizinduliwa kituo cha Garissa chenye uwezo wa megawati zaidi ya 50 na paneli zaidi ya 200,000. Mradi wa KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 150 mnamo 2017, ulilenga kaunti 14, zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera, kwa gridi ndogo na vifaa vya sola vya majumbani na vituo vya umma.

Paneli za jua huzalisha umeme usiogeuka mwelekeo. Mkondo wake haushuki hadi sufuri wenyewe, na kwa hiyo kikata umeme cha ombwe cha kawaida hukosa ile nukta kinayoivizia. Upande huo huhitaji vyombo vilivyotengenezwa mahususi kwa umeme wa aina hiyo, ambavyo kwa kawaida hutumia hewa: huurefusha mwali hadi msongo wake ushinde ule wa paneli au betri. Umeme ukishapita kwenye inveta na kuwa wa kugeuka, na ukapandishwa na transfoma, ombwe hurejea kuwa chaguo la kwanza.

Kuna jambo lingine linalosahaulika. Gridi ya taifa ikipata shoti hutoa mkondo mkubwa mno. Jenereta ndogo hutoa mkondo wa kiasi, nayo inveta nyingi hazitoi hata mara mbili ya mkondo wake wa kawaida. Katika gridi ndogo ya sola, basi, hatari si kwamba kikata umeme kitalemewa na shoti, bali kwamba hakitaitambua. Kikipangwa kungoja mkondo mara kumi ya ule wa kawaida, kitakaa kimya huku waya uliokatika umelala ardhini. Mpangilio wa rilei, yaani kifaa kinachotoa amri ya kukata, una uzito sawa na uchaguzi wa chombo chenyewe.

KASORO ZA OMBWE

Sifa za ombwe hazimaanishi kwamba halina dosari. Kwa kuwa huuzima mwali kwa ukali, huweza kukata mkondo mdogo kabla haujafika sufuri. Nishati iliyokuwa imehifadhiwa katika mota au transfoma hutafuta pa kwenda, na msongo huruka juu ghafla. Ncha za shaba na kromi zimepunguza tatizo hilo hadi ampia chache tu, lakini mota za msongo mkubwa na transfoma zisizo na mafuta bado huhitaji vifyonza-mruko karibu nazo. Anayeondoa kikata umeme cha zamani na kuweka cha ombwe bila kuongeza kinga hiyo, huenda akaokoa swichi na kupoteza mota.

Dosari ya pili ni kwamba ombwe halionekani. Chupa iliyopoteza ombwe hufanana kabisa na iliyo nzima. Njia ya kawaida ya kuijua ni kuipima kwa msongo mkubwa baina ya ncha zilizo wazi, na jaribio hilo hutakiwa kufanywa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, kwa kuwa msongo ukizidishwa chupa huweza kutoa miale ya eksirei. Fundi hutakiwa kusimama mbali na kutozidisha kipimo.

GESI YA SF6 NA LAINI KUBWA ZAIDI

Kwenye laini kubwa kama ile ya kilovolti 132 iliyoiunganisha Garissa na gridi ya taifa, kwa muda mrefu chaguo la kawaida duniani halikuwa hewa wala ombwe, bali gesi ya SF6. Gesi hiyo huuzima mwali vizuri sana, lakini tani moja yake huongeza joto la dunia mara zaidi ya 23,000 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100.

Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni ya mwaka 2024, uliweka Januari 1, 2026 kuwa mwanzo wa marufuku ya gesi za aina hiyo katika mitambo mipya ya hadi kilovolti 24, isipokuwa kwa hali maalumu. Watengenezaji wamekuwa wakipanua ombwe hadi kilovolti 72.5 na hata 145. Kwa nchi zinazonunua vifaa kutoka Ulaya, ombwe linazidi kuwa njia kuu kwenye msongo wa kilovolti 11 na 33.

MASWALI YA MNUNUZI

Kabla ya kutia sahihi zabuni ya kituo cha mji kama Hadado, mhandisi wa kaunti, mkandarasi au kamati ya mradi wa maji yenye mtambo wake hawana budi kupata majibu ya maswali haya:

Kwanza, msongo ni upi? Chini ya volti 1,000, hewa. Kilovolti 11 na 33, ombwe.

Pili, umeme ni wa kugeuka au la? Upande wa paneli na betri huhitaji chombo chake mahususi.

Tatu, shoti kubwa kabisa ni ya kiloampia ngapi, na ndogo kabisa ni ya kiasi gani? Jibu la kwanza huchagua chombo. La pili hupanga rilei.

Nne, joto la chumba ni nyuzi ngapi wakati wa kiangazi, na chombo kinaruhusiwa kubeba ampia ngapi kwenye joto hilo?

Tano, je, laini ni ya juu kwa juu? Hitilafu nyingi za laini kama hizo ni za kupita, kama vile tawi au ndege kugusa waya. Kikata umeme cha ombwe cha nguzoni kinachojirudisha chenyewe baada ya sekunde chache huokoa safari ndefu ya fundi na kurudisha umeme kabla friji haijapata joto.

Sita, vipuri viko wapi, na nani katika eneo hilo amefunzwa kupima na kusafisha? Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Chombo cha bei ya chini kisicho na kipuri wala fundi karibu ni ghali kuliko vyote.

Mnamo Juni 7, 2016, tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana. Transfoma hiyo ilikatika, mashine nyingine zikalemewa, na Kenya ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tukio hilo lilidhihirisha jinsi hitilafu ya mahali pamoja inavyoweza kuangusha mtandao mzima pale mzigo unapohamia kwenye mashine zisizoweza kuubeba. Gridi ndogo ya mji wa mbali haina mtandao wa kuiangukia wala wa kuiinua. Ikizimika, hutegemea vyombo vyake yenyewe na fundi aliye karibu. Kikata umeme kilichochaguliwa vyema, kikapangwa sawasawa na kutunzwa, ndicho kinachohakikisha kwamba waya mmoja ukianguka, mtaa mmoja tu ndio unaokosa umeme huku hospitali na pampu zikiendelea na kazi.